Giza la Kuazima

Watu wa kijiji chetu huku Mwala waliponiuliza dishi langu linashika chaneli ngapi, niliwajibu kwamba linashika moja tu, na hiyo moja tangu nilifunge haijarusha hata tangazo la msiba. Walinionea huruma. Kinyozi wa sokoni alijitolea kuja kulielekeza upya, akasema pengine limekosea mnara.

Dishi lenyewe ni darubini. Ina vioo thelathini na sita vilivyopangwa kwenye fremu ya chuma iliyoipita nyumba ya babangu kwa urefu, na mbele ya vioo, kwenye mikono minne ya chuma, imeshikizwa kamera. Ni ya mitumba, sifichi. Wazungu fulani waliitumia hadi wakajijengea kubwa zaidi, wakataka kuitupa, na chuo ninachofundisha mjini Machakos kikasema tuleteeni. Kiwanda kilichotengeneza vile vioo kilishafungwa, kwa hiyo kioo kikiharibika, kimeharibika. Nilipoisimamisha juu ya kilima cha babu yangu, mmoja wa wale waliotupatia aliniandikia kwa upole mwingi kwamba itafaa sana kuwaburudisha watoto wa shule. Nilisema neno fulani kwa sauti. Festus, fundi wangu, mtu wa Mitaboni na mwimbaji wa kwaya, aliniomba nisilirudie karibu na mitambo.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: darubini yangu ione. Kwa kuburudisha watoto, kuna sarakasi.

Ione nini? Mbali huko, kusini kidogo mwa zile nyota tatu zilizojipanga mstari, kuna galaksi ambayo katikati yake limekaa shimo jeusi lenye uzito wa majua mamilioni kwa mamilioni. Jina lake ni namba ndefu za kuchosha, hivyo mimi na Festus tuliliita Mheshimiwa. Linakula kila kilicho karibu nalo, halishibi, na kile linachoshindwa kumeza linakitema kwa kasi upande wetu sisi wananchi. Ndani ya mate hayo mna miali ya gama. Mwali mmoja tu una nishati karibu mara trilioni moja ya chembe ya mwanga wa taa yako ya mezani. Umesafiri tangu kabla ya dinosaria, haukusimama popote, na ukifika juu ya Mwala unagonga hewa na kufa. Kifo chake kinaacha mmweko wa buluu, hafifu, unaokwisha kabla hata hujafikiria kupepesa jicho. Huo mmweko ndio tunaouwinda. Vioo vinaukusanya, kamera inaupiga picha, nami nimekaa ndani ya kontena nikihesabu.

Taabu ni kwamba Mheshimiwa ana tabia za uheshimiwa. Anaweza kunyamaza mwaka mzima, halafu wiki moja akapiga kelele dunia nzima ikamsikia, kisha haonekani tena hadi uchaguzi mwingine.

Uwindaji wa namna hiyo unataka giza, giza la kweli. Ndiyo maana nilichagua kilima cha babu, mahali ambapo stima ilikuwa ahadi ya kampeni tangu nizaliwe. Basi ahadi ikatimizwa. Katika ahadi zote walizowahi kutupa, walichagua kutimiza ile iliyokuwa inaniumiza mimi. Nguzo zilipita bondeni, na kabla mahindi hayajakomaa kila boma lilikuwa na taa ya nje, ile nyeupe kali, imeelekezwa juu kana kwamba wezi wa mbuzi hushuka kwa parachuti. Kamera yangu ikimulikwa na taa kama hiyo hujizima yenyewe isiungue. Jioni ya kwanza ilijizima mara nyingi hadi Festus akaiwekea mikono na kuiombea.

Nikaenda kuomba msaada. Bondeni kwetu ukitaka kitu kinachohusu watu wote, usianze kwa chifu, anza kwa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunachimba mitaro kwako, kesho tunabeba mawe kwangu, na asiyekwenda kwa wenzake hatakuja kuonana nao kwake. Wanawake ndio wengi, wanaume ni wachache na kazi yao kubwa ni kuimba besi. Mwenyekiti alikuwa Mama Munyiva, jirani yangu wa karibu kabisa, mjane mwenye mgongo ulionyooka na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Taa yake ndiyo iliyokuwa kali kupita zote.

"Daktari, karibu," akasema. "Ile dawa ya mbuzi ulisema hauna, umepata?"

Tangu wasikie nimeitwa daktari walikuwa wananiletea mbuzi wanaohara. Nilikuwa nimechoka kueleza. Nikamwita mwaitu, mama yangu, kama inavyompasa mtu anayeomba, na nikasema ninaomba taa za nje zizimwe giza likishaingia, hadi wakati wa kulala, katika zile wiki ambazo mwezi hauko. Hawakuuliza ni kwa nini, na mimi sikusema. Niliona haina haja ya kumweleza habari za mashimo meusi mtu aliyeshika jembe.

"Hii stima tumengoja tangu uhuru," Mama Munyiva akasema. "Imekuja juzi. Sasa unataka tukae giza kama popo?"

"Si usiku wote, mwaitu. Ni saa chache tu."

"Na wewe ulikuja mwethya lini?"

Sikuwa nimekwenda hata siku moja. Nikaanza kueleza kwamba usiku ninafanya kazi na mchana ninalala, na hapo mama mmoja huko nyuma akacheka kwa pua. "Mchana analala, usiku anatembea," akasema. "Watu wa hivyo tunajua wao ni nani." Kwa Mkamba huo si utani mdogo. Festus aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mama Munyiva aliwanyamazisha kwa mkono. "Mwethya haipeani kitu bure," akaniambia. "Beba mawe, tutazima."

Basi nikabeba mawe. Walikuwa wanajenga bwawa la mchanga, ule ukuta unaokatisha mto mkavu ili mvua ikija mchanga ujilundike nyuma yake na kuyaficha maji jua lisiyapate. Nina shahada tatu na nilikuwa wa mwisho kwenye foleni ya mawe kila mara. Mikono ilinichubuka, kiuno kikakaza, na wao wakanitungia wimbo papo hapo, kwamba daktari wa mbuzi ameshindwa na jiwe. Ulikuwa wimbo mzuri kusema kweli. Nilijikuta ninaitikia.

Na jioni hiyo hiyo taa za bondeni zikazimwa, ya Mama Munyiva ikiwa ya kwanza. Nilisimama mlangoni mwa kontena nikafurahi kupita kiasi. Halafu nikakaa nikamngoja Mheshimiwa, naye akanyamaza. Alinyamaza hadi mvua ikaja ikapita. Mimi nilibeba mawe, wao walizima taa, yeye alinyamaza.

Alifungua kinywa Februari. Setilaiti moja inayozunguka huko juu ilitangaza kwamba amechafuka, na kila mwenye darubini ya kuona miali hii aelekeze huko. Waliojibu walikuwa wachache. Zile kubwa za Namibia zilikuwa chini ya mvua, na za kaskazini zilimwona akiwa chini sana, karibu na upeo wa macho, palipojaa hewa na vumbi. Kwetu Februari ni kiangazi tupu, mbingu nyeupe mchana na nyeusi usiku, na Mheshimiwa anapita karibu na utosi wa Mwala wakati watu wanakula chakula cha jioni. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mahali panapofaa.

Jioni ya kwanza tulipata tatu nukta nane. Nieleze. Katika kazi yetu kuna hesabu ya kupima kama umeona kitu au umejidanganya. Ukipata tatu, umeota. Ukipata nne, ni uvumi wa sokoni. Ukipata tano, unaweza kuandika na kuweka jina lako chini. Tatu nukta nane kwa jioni moja, kwa darubini ya mitumba, ilinifanya nimkumbatie Festus, ambaye ana mke. Jioni moja zaidi ya namna hiyo na tungefika. Asubuhi Festus alishuka mjini kutafuta fyuzi, nami nikalala ndani ya kontena nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kaunti ya Machakos.

Nilikuwa nimesahau kwamba mwethya ni zamu, na kwamba zamu yangu ilikuwa imefika.

Niliamshwa na wimbo. Mwanzoni nilidhani ninaota niko mtoni na mawe yangu. Halafu, chini ya wimbo, nikasikia sauti nyingine: kwaru, kwaru, kwaru. Kila mtu aliyelelewa katika nyumba yenye sufuria anaijua sauti hiyo. Nikatoka bila viatu.

Mchana darubini tunaiinamisha, uso wake ukiangalia kaskazini, ili jua lisije likakusanywa na vioo likaichoma kamera. Kwa hiyo ilikuwa imeinama vizuri kabisa kwa mtu anayetaka kuisugua. Walikuwa wamekuja wote. Wengine walikuwa bado wanapanda kilima na mitungi ya maji kichwani, maji ya kunywa, yaliyofukuliwa mtoni Februari. Wengine walikuwa wanachekecha jivu ndani ya beseni. Na waliobaki, leso zimefungwa viunoni, walikuwa wanasugua vioo vyangu kwa jivu na mchanga wa mto. Penye mavi ya ndege yaliyokauka, palipokuwa pagumu, walitumia waya wa kusugulia sufuria.

Kweli vilikuwa vichafu. Kiangazi kizima vumbi lilikuwa limevikalia, na mimi nilikuwa nangoja mvua ivioshe, kwa sababu vioo vya darubini haviguswi. Kioo chako cha kujitazamia kina utando wake nyuma, umejificha. Changu utando uko mbele, umekaa juu ya kioo, mwembamba hata huwezi kuushika. Waya ukipita, umepita nao. Niliangalia safu baada ya safu zikiwa zimefubaa kama dirisha la choo. Ni safu mbili tu za juu kabisa, vioo kumi, zilizokuwa bado na vumbi lake. Ngazi yao haikufika.

Mama Munyiva aligeuka akanitabasamia, jivu hadi viwikoni, jasho likimtoka. "Daktari! Tulitaka kumaliza kabla uamke. Hii vyombo yako ilikuwa inatuaibisha. Mtu akuje kukuposa apate hii?"

Mimi nina hasira za ukoo wa Mutunga, hasira zinazojulikana hadi Kathiani. Nilisema yote. Niliwaita wajinga. Niliwaita mbuzi, halafu nikasema mbuzi nawaonea, kwa sababu mbuzi wao wanaohara wana akili zaidi. Niliwaambia washuke kilima changu na wasirudi. Kisha nikaangalia juu, kwenye vile vioo kumi, nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu.

Walifungua leso, wakazikung'uta, wakachukua mitungi yao. Mama Munyiva alijitwika beseni la jivu akatangulia. Kivulini mwa kontena walikuwa wameacha sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, bado ya moto. Siku ya mwethya mwenye shamba ndiye anayepaswa kuwapikia watu. Walijua mimi singekuwa nimepika.

Festus aliporudi aliizunguka darubini mara mbili, kisha akavua kofia. Alimulika kioo kimoja kwa tochi na mwanga ukarudi umetapakaa ovyo, hauna mwelekeo. Vioo kama hivyo ni heri kutokuwa navyo, kwani vingemwaga mwanga wa nyota zote ndani ya kamera. Tukavifunika kwa magunia na lile turubai la kuanikia mahindi, tukaviacha vile kumi tu wazi. Ilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji mwili mzima, akaachiwa paji la uso.

Nikapiga hesabu. Kwa vioo kumi tungeiona ile miali yenye nguvu kupita zote, basi. Kama Mheshimiwa angepiga kelele kuizidi jana, labda. Lakini giza lilipaswa kuwa kamili, kwa sababu kwa hali ile taa moja tu ya bondeni ingetumaliza.

"Na taa zitawaka, Dakta," Festus akasema. "Umewaita mbuzi."

"Najua."

"Wengine umesema hata mbuzi wanawashinda."

"Festus."

"Nasema tu. Mama mkwe wangu ni wa mwethya."

Nilikula ile isyo kwa sababu nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu, na kila kijiko kilinikasirisha. Halafu nikamwambia Festus awashe mitambo jioni kama kawaida, nikashika njia ya kushuka. Nilikwenda kuomba msamaha. Msinielewe vibaya. Vioo vilikuwa vyangu, vilikuwa vimeuawa mbele yangu, na sikuona kosa langu liko wapi. Nilikwenda kwa sababu nilihitaji giza.

Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na mateso ya usingizi ndani yake, na uchovu, na mstari mmoja kuhusu shetani ambao nilitumaini ungewagusa wale wa kanisani. Jua lilizama nikiwa nusu ya njia. Taa za bondeni zikawaka, moja hapa, mbili kule, mpaka ukingo wote ukawa mweupe, na ya Mama Munyiva ikanipiga usoni nikajikwaa kwenye mkonge. Nikakaza mwendo. Saa ya kuzima ilikuwa imekaribia na mimi nilikuwa bado sijafika langoni.

Ndipo taa ya Mama Munyiva ikazimika. Ikafuata ya jirani yake. Zikafuata nyingine zote, ukingo mzima, hadi ile ya kanisani.

Nilisimama pale pale. Hakuna aliyekuwa ameombwa, na hakuna aliyekuwa amesamehe. Walisema watazima, wakazima, na matusi yangu hayakuingia katika hesabu hata kidogo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na nilijua pia kwamba sasa ningeweza kugeuka nikapanda zangu kilimani, kwa kuwa kile nilichokuja kukitafuta nilikuwa nimekipata, na huko juu kazi niliyoingoja miaka ilikuwa inaanza bila mimi. Nilifika hadi kugeuza kisigino. Kisha nikalipapasa lango nikaingia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Mimi nani? Tumezima, sioni uso."

"Nzilani wa Mutunga."

"Daktari. Kaa. Kuna kigoda mbele yako, usiigonge."

Nikakigonga. Nikaketi. Kwa jinsi sauti ilivyokuwa, alikuwa anapukuchua mahindi; niliyasikia yakidondoka kwenye ungo. Ile hotuba ikanitoroka yote, pamoja na shetani wake.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Niliwatukana."

"Ulitutukana," akakubali. Mahindi yakadondoka kwa muda. "Na ulikuwa na haki."

Sikujua tunaelekea wapi.

"Ulikasirika, ukaangalia juu, ukalia," akasema. "Na mimi nikaangalia pale uliangalia. Ile ya juu hatukufikia. Mwiitu, msichana wangu, nimekuwa mwenyekiti tangu watoto wangu wakinyonya, na sijawahi kuacha kazi ya mtu nusu. Nimekuja nyumbani nikashindwa kula. Lakini usijali. Nimeomba ngazi ya kanisa, ile ndefu ya kengele. Kesho mapema tunakuja kumaliza."

Sijawahi kuogopa ngazi kiasi hicho. Akili yangu ilikimbia kutafuta uongo wa haraka. Ningesema vioo vya juu vina stima inayoua. Ningesema chuo kimekataza. Uongo ulikuwa mwingi na wote ulikuwa mzuri, na wote ungemwacha huyu mama akiamini kwamba alinitendea wema uliopungua kidogo tu. Labda ni kwa sababu hakuniona uso, na mimi sikuuona wake. Nikasema ukweli.

"Mwaitu, hiyo si kama sufuria. Ile kitu inang'aa iko juu yake, kama ngozi. Mkisugua inatoka."

Mahindi yakaacha kudondoka. "Imetoka?"

"Imetoka."

"Yote ile tulifikia?"

"Yote. Ile ya juu ndiyo imebaki nzima. Ndiyo Festus anatumia saa hii."

"Kwa sababu ngazi yetu ilikuwa fupi."

"Ndiyo."

"Na ingine inanunuliwa wapi?"

"Hainunuliwi. Waliotengeneza walifunga."

Nilisikia leso ikipangusa uso, na moyo wangu ukauma kuliko ulivyouma mchana, kwa sababu mchana niliumia kwa ajili ya vioo, na hivi vilikuwa vitu tu. Nikatamani kumshika mkono lakini sikujua uko wapi.

"Sasa hiyo kitu unatafuta huko juu," akasema mwishowe, "ni nini?"

Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kuuliza. Nikamweleza. Nilimweleza habari za lile shimo, jinsi linavyomeza na kutema, na ule mwali uliosafiri tangu kabla ya mnyama yeyote kutembea Mwala, kisha ukaja kufia juu ya paa lake akiwa anapukuchua mahindi. Nilimwambia jina tulilolipa na sababu yake.

"Anakula hashibi," akarudia polepole, "halafu anatutemea sisi."

"Ndiyo."

"Na hata hajui tuko hapa."

"Hajui kabisa."

"Huyo mimi namjua," akasema. "Nilimpigia kura."

Nilicheka hadi kigoda kikayumba. Yeye hakucheka. Alikuwa bado anapanga mambo yake kichwani.

"Kwa hivyo hukuwa unalilia ile tuliacha," akasema. "Ulikuwa unalilia ile tulimaliza."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na ukatuita mbuzi, peke yake?"

"Na wajinga."

Akafikiri. "Ulitukana kidogo," akasema. "Mtu angefanyia vyombo zangu hivyo, ningemfukuza na panga mpaka Katelembo."

Hapo nikacheka na kulia kwa pamoja, na nadhani yeye pia, ingawa siwezi kuapa, kwa sababu alijipangusa tena na giza lilimsitiri. Akaniwekea mahindi machache mapajani nipukuchue. Tukakaa hivyo sijui muda gani. Nilimpa habari za Namibia, akanipa habari za marehemu mumewe, ambaye naye, kwa maelezo yake, alikuwa akinyamaza mwaka mzima halafu anachafuka wiki moja.

"Ngazi nitarudisha," akasema baadaye. "Lakini hii deni ni ya mwethya. Tumekuharibia, lazima tulipe."

"Mtalipa na nini? Mwethya haina vioo."

"Haina. Iko na giza. Tutakuwa tunazima mpaka wewe mwenyewe useme imetosha. Na asiyezima atalipa faini ya kuku, hata kama ni pasta."

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa haraka. Alikuwa Festus, mtu ambaye huandika ujumbe kwa herufi ndogo tupu, na sasa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho: JANA NA LEO PAMOJA TANO NUKTA MOJA. BWANA ASIFIWE. MHESHIMIWA ANAPIGA KELELE KUSHINDA JANA. Nilisoma mara ya pili, na ya tatu, skrini ikinimulika uso wote. Darubini yangu imeona! Vioo kumi vyenye vumbi, na imeona! Nadhani nilipiga ukelele, kwa sababu mbuzi zizini waliitikia. Nikamgeuzia Mama Munyiva simu ili asome mwenyewe.

Kiganja kigumu, jivu bado limejaa kwenye kucha, kikashuka juu ya skrini na kuifunika.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Kuna watu wanafanya kazi."